Sikio la Mnukuzi wa Kitabibu

Katika zahanati za Nateete, Kampala, kando ya barabara iendayo Masaka, si ajabu kumwona mgonjwa akiingia na daftari la shule mkononi. Humo daktari huandika kwa kalamu ya haraka: homa, dawa, tarehe ya kurudi. Daftari likilowa mvua au likisahaulika kwenye teksi, historia ya ugonjwa imepotea nalo.

Vilima vichache kutoka hapo, pale Namirembe, ipo Hospitali ya Mengo. Daktari Albert Cook, aliyeianzisha mwaka 1897, alikuwa akiandika habari za wagonjwa wake kwa makini, na kumbukumbu hizo zikatunzwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alieleza saratani ya taya za watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Watafiti walipofungua majalada ya Mengo ya 1897 hadi 1956 na kuchapisha matokeo mwaka 1964, ilibainika kwamba Cook naye aliwahi kuwaona watoto wenye saratani ya namna hiyo. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye karatasi, ukisubiri msomaji.

Leo kuna watu wanaoifanya kazi hiyo ya kuandika kwa ajira. Mnukuzi wa kitabibu husikiliza sauti ya daktari iliyorekodiwa, kisha huigeuza kuwa maandishi ya kuwekwa kwenye faili la mgonjwa. Tangu miaka ya 1990 hospitali nyingi za Marekani zimekuwa zikipeleka kazi hii India na Ufilipino. Kampala iko mbele ya New York kwa saa saba au nane, kwa hiyo hapa pia sauti ya mchana wa kule inaweza kuandikwa usiku wa huku.

Kuchapa upesi ni mwanzo tu. Mwanafunzi hujifunza viungo vya mwili, majina ya dawa, vipimo vya maabara, na vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyounda maneno ya tiba. Akisikia neno linaloishia na “aitisi”, ajue ni uvimbe wa kiungo fulani. Likiishia na “ektomi”, kiungo kimekatwa na kuondolewa. “Haipa” ni juu, “haipo” ni chini. Akikosea hiyo sauti moja ya mwisho, mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anaandikiwa la chini.

Kisha kuna siri. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inazihesabu habari za afya kuwa taarifa za kulindwa kwa namna ya pekee, na mnukuzi hana ruhusa ya kumsimulia yeyote alichosikia.

Kompyuta nazo sasa zinasikia na kuandika zenyewe, hivyo kazi imehamia kwenye kusahihisha. Anayetaka kulipia kozi aulize kwanza kama usahihishaji huo unafundishwa, na ajihadhari na chuo kinachomwahidi ajira kabla hajafanya mtihani wowote.

Darasani, mwanafunzi amevaa hedifoni na mguu uko kwenye kikanyagio cha kurudisha sauti. Daktari ametaja kipimo cha dawa kwa Kiingereza: ni 15 au 50? Anarudisha sauti mara ya pili, mara ya tatu. Bado haieleweki. Anaacha nafasi wazi, anaandika dakika na sekunde ya sauti hiyo, na kumrudishia daktari aijaze mwenyewe.