Laptopu ya punguzo au kuiongezea nguvu ya zamani? Hesabu ndiyo iamue

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotunza hesabu za duka kwenye kompyuta mpakato, maarufu kama laptopu, wanakabiliwa na swali linalogusa mtaji wao moja kwa moja. Mashine ya zamani inapoanza kuzorota, je, fedha ziende kwenye laptopu nyingine yenye punguzo la bei, au ile ya zamani ifunguliwe na kuongezewa vifaa?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika, lakini ziliacha kupokea marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Kwa watumiaji wa nyumbani uliwekwa mpango wa nyongeza wenye ukomo wa 13 Oktoba 2026. Makampuni yaliuziwa nyongeza hiyo kwa Dola 61 za Marekani kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, bei ikipanda mara mbili kila mwaka unaofuata.

Mwaka 2023 kampuni ya utafiti wa masoko ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta zipatazo milioni 240 duniani huenda zikageuka takataka kwa sababu ya mabadiliko hayo. Si zote zinazotupwa. Mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani hubadilisha laptopu za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zinazotolewa huingia mikononi mwa wauzaji wa jumla. Baadhi hupitia Dubai kabla ya kuonekana kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Hapo ndipo mabango ya punguzo yanapoanza.

PUNGUZO LA NINI?

Bango linalosema bei imeshuka kutoka Sh 900,000/= hadi Sh 750,000/= halina maana kwamba mnunuzi ameokoa Sh 150,000/=. Maana yake ni kwamba ametoa Sh 750,000/=. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kuuliza bei imeshuka kiasi gani, mnunuzi anapaswa kuuliza imeshuka kwa nini.

Sababu za kawaida ni nne. Ya kwanza ni toleo jipya kuingia sokoni, hivyo muuzaji anataka kumaliza mzigo wa zamani. Ya pili ni mashine iliyokwishatumika na kusafishwa. Ya tatu ni bidhaa iliyofunguliwa boksi na kurudishwa. Ya nne ni mashine mpya kabisa lakini dhaifu tangu kiwandani. Tatu za kwanza zaweza kuwa biashara nzuri. Ya nne ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu mashine inang'aa, ina boksi lake na waranti juu.

Mfano ni laptopu zinazotumia prosesa ya Intel Celeron N4020, iliyotolewa mwaka 2019. Prosesa hiyo ina viini viwili tu. Mara nyingi huambatana na kumbukumbu ya RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, pamoja na hifadhi ya aina ya eMMC ya GB 64, nayo ikiwa imechomelewa. Windows yenyewe na marekebisho yake hula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na fundi hana mahali pa kuongeza RAM. Upande wa pili iko laptopu ya ofisini yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U ya mwaka 2017, yenye viini vinne. Kwa kazi ya kufungua jedwali la hesabu, kivinjari na programu ya stoo kwa wakati mmoja, hii ya zamani inaishinda ile mpya.

MSTARI WA KUGAWA

Swali la kwanza kabla ya kupiga hesabu yoyote ni kama mashine iliyopo inakubali Windows 11. Mfumo huo unadai RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa AMD, huanzia kwa ujumla familia ya Ryzen 2000.

Kizazi husomeka kwenye jina lenyewe. Katika Core i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hivyo ni kizazi cha 6. Katika i5-8250U ni cha 8. Katika i5-1135G7 ni cha 11. Mnunuzi asiyejua kusoma namba hizo anaweza kuuziwa "Core i7" ya mwaka 2013 kwa bei ya i5 ya mwaka 2020, akadhani amepata bahati.

Mashine iliyo chini ya mstari huo haistahili kuwekewa fedha nyingi ikiwa inatumika kwa benki, kodi na kumbukumbu za wadeni. Inaweza kufanya kazi kwa mifumo ya bure kama Ubuntu au Linux Mint, na LibreOffice ikachukua nafasi ya programu za kuandikia na kupigia hesabu. Lakini mwenye duka anayetumia TallyPrime au QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta anahitaji Windows, na kwake njia hiyo ina usumbufu.

VIFAA VITATU

Kwa mashine iliyo juu ya mstari, vifaa vitatu ndivyo vinavyorudisha uhai wake.

Cha kwanza ni SSD badala ya diski ngumu inayozunguka. Diski ya kawaida ya laptopu husoma takriban MB 100 kwa sekunde, na SSD ya aina ya SATA hufikia takriban MB 500. Tofauti huonekana zaidi mashine inapotafuta mafaili madogo mengi kwa wakati mmoja, kama wakati wa kuwaka. Aidha, SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo haiathiriki kirahisi kwa kutikiswa kwenye daladala au bodaboda.

Cha pili ni RAM. GB 4 ni kiwango cha chini cha Windows 11, wala si kiwango cha kufanyia kazi. GB 8 hutosha duka la kawaida. Hata hivyo, ni lazima kwanza kuhakikisha kuwa bodi ina nafasi ya kuchomeka. Laptopu nyingi nyembamba, zikiwemo MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon, zina RAM iliyochomelewa.

Cha tatu ni betri. Betri za lithiamu huchakaa kwa idadi ya mizunguko ya kuchaji, na nyingi za laptopu hupoteza nguvu kwa kiasi cha kuonekana baada ya mizunguko 300 hadi 500. Kwa mwenye duka katika eneo lenye kukatika umeme, betri iliyokufa ni sawa na kutokuwa na laptopu.

Zaidi ya hapo, ongezeko halilipi. Prosesa za laptopu za miaka ya karibuni zimechomelewa na hazibadilishwi. Bodi iliyoungua, bawaba zilizovunjika na kioo kilichopasuka, vikikutana kwenye mashine moja, ni dalili ya kuiuza kwa spea.

HESABU YA MWEZI

Namna ya kulinganisha njia hizi mbili ni kugawa gharama kwa miezi ya kazi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mtu anapaswa kuweka bei alizotajiwa dukani na kwa fundi.

Mfanyabiashara ana laptopu ya kizazi cha 8 ambayo akiiuza leo atapata Sh 150,000/=. SSD ni Sh 90,000/=, RAM Sh 80,000/=, betri Sh 70,000/= na ufundi Sh 30,000/=. Jumla ni Sh 270,000/=. Mashine ikidumu miezi 24, gharama ni Sh 11,250/= kwa mwezi.

Njia ya pili ni kununua ya punguzo kwa Sh 750,000/= na kuuza ya zamani. Fedha inayotoka mfukoni ni Sh 600,000/=. Ikidumu miezi 36, gharama ni takriban Sh 16,670/= kwa mwezi. Kuongezea vifaa kunashinda.

Lakini ushindi huo una masharti. Mashine iliyoongezewa vifaa ikifa kabla ya kufikisha takriban miezi 16, faida yote inapotea na aliyenunua anakuwa mbele. Vilevile, ile ya punguzo ikiwa ni ya RAM ya GB 4 iliyochomelewa na ikachosha baada ya miezi 18, gharama yake inapanda hadi zaidi ya Sh 33,000/= kwa mwezi. Kinachoamua zaidi ni miezi ya kazi, na punguzo la kwenye bango linafuata nyuma.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau. Kati ya njia hizo mbili kuna tofauti ya Sh 330,000/= inayobaki mkononi. Kwa mwenye duka, hiyo ni bidhaa kwenye rafu. Bidhaa hiyo ikileta faida halisi ya asilimia 5 kwa mwezi, ni Sh 16,500/= kila mwezi, kiasi kinachokaribia gharama ya mwezi ya laptopu ya punguzo yenyewe. Ndiyo maana usemi wa usiache mbachao kwa msala upitao una nafasi yake hata kwenye kompyuta.

Kanuni ya haraka ambayo mafundi na wahasibu wengi huitumia ni hii: gharama ya kuongezea vifaa ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine yenye uwezo huohuo, ni bora kununua.

BEI YA RAM YAPINDUA MAMBO

Kwa miaka mingi RAM ilikuwa kifaa rahisi kuongeza. Mwaka 2025 hali ilibadilika. Watengenezaji wakubwa watatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, walielekeza sehemu kubwa ya viwanda vyao kwenye kumbukumbu za kompyuta kubwa za akili mnemba, na bei za RAM za kawaida zikapanda kwa kasi kuelekea mwisho wa mwaka huo. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake iliyouzwa kwa watu binafsi.

Athari kwa mnunuzi ni mbili. Kwanza, bei ya fundi ya mwaka juzi haifai kwa hesabu ya leo, kwani kipande cha RAM kinaweza kula faida yote ya kuongezea vifaa. Kipande kilichotolewa kwenye mashine iliyokufa hufaa, mradi kipimwe mbele ya mnunuzi. Pili, muuzaji mwenye mzigo aliouingiza kabla ya kupanda kwa bei anaweza kuwa na punguzo la kweli, hasa kwa laptopu yenye GB 16 tayari ndani yake. Mzigo wa namna hiyo ukiisha, unaofuata huja na bei mpya.

UPANDE WA KODI

Kwa Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta katika daraja la kwanza la uchakavu, kwa kiwango cha asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Laptopu ya Sh 1,000,000/= humpunguzia mfanyabiashara mapato ya kutozwa kodi kwa Sh 375,000/= mwaka wa kwanza na Sh 234,375/= mwaka wa pili. Matengenezo ya kawaida hushughulikiwa tofauti na maboresho ya mali, hivyo ankara ya fundi inapaswa kuonyesha wazi kipi ni kipi. Anayelipa kodi ya makadirio kwa kufuata mauzo hanufaiki na hesabu hii.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi wa laptopu ya punguzo anashauriwa kuiwasha dukani mwenyewe na kufungua programu ya Task Manager, ambayo huonyesha jina la prosesa na, kwa mashine nyingi, nafasi za RAM zilizotumika. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa ya betri: nguvu ya kiwandani dhidi ya nguvu iliyobaki. Nguvu iliyobaki ikiwa chini ya nusu, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya mashine.

Aidha, mashine zilizotoka makampuni ya nje zikaguliwe kama zina nywila ya BIOS au zimefungwa na kampuni ya awali. Laptopu inayodai barua pepe ya kampuni ya Ulaya mara inapofutwa na kuwekewa Windows upya haina mwenyewe hapa nchini, na muuzaji akishaondoka hakuna wa kuifungua. Risiti ya EFD idaiwe, kwani ndiyo ushahidi wa gharama na wa umiliki.

Kwa anayeongezea vifaa, jambo la kwanza ni kunakili kumbukumbu zote mahali pengine kabla fundi hajagusa bisibisi. Daftari la wadeni likipotea, hakuna SSD itakayolirudisha, na deni lisilo na maandishi hulipwa kwa hiari ya mdaiwa.