Kopo na Lebo Yake: Kuchora Mcheduara kwa Kompyuta

Katika somo la maumbo, mcheduara huwatatiza watoto kuliko mchemraba, na sababu yake kubwa ni picha tunazowachorea ubaoni. Mtoto wa Kongwa au Bahi amekwisha kuona kihenge, amesikia na kugusa ngoma, na ameona karanga zikipimwa kwa kopo sokoni, umbo analijua. Lakini tukimchorea mstatili wenye mayai mawili, moja juu na moja chini, huamini kwamba upana wa picha ndio urefu wa karatasi inayozunguka kopo. Hapo hesabu yake ya eneo huharibika tangu mwanzo.

Hatuna budi kuanza na kopo lenyewe. Tuchukue lenye kipenyo cha sentimita 7 na kimo cha sentimita 10. Lebo yake ikibanduliwa na kunyoshwa huwa mstatili: kimo ni kilekile 10, na urefu ni mzingo wa duara, yaani 22/7 mara 7, sentimita 22. Watoto waione ikibanduliwa. Maelezo ya mwalimu, hata yakiwa mazuri namna gani, hayashindi tendo hilo.

Ndipo tuchore. Programu ya Inkscape, iliyoanza mwaka 2003 na hutolewa bure, huhifadhi picha kama mistari na mikunjo, si kama vitone. Kwa hiyo mchoro ukikuzwa, kingo zake hazififii. Tuchore mstatili wa 7 kwa 10. Tuchore duaradufu lenye upana wa 7 na kimo cha 2, tulinakili, moja likae katikati ya ukingo wa juu na la pili ukingo wa chini. La chini liunganishwe na mstatili kuwa umbo moja. La juu libaki peke yake, lipakwe rangi nyepesi, maana ndilo kifuniko. Kiwiliwili kipakwe rangi inayobadilika polepole, nzito pembeni na nyepesi katikati.

Lebo ndiyo kazi. Kingo zake zote mbili hufuata mpindo wa ukingo wa chini wa kopo. Maneno, tuseme KARANGA ZA KONGWA, hugeuzwa kwanza kuwa maumbo, kisha hupindwa vivyo hivyo. Wengi huishia hapo, na lebo huonekana kama bendera iliyolegea. Linalokosekana ni kubanwa kwa pembeni. Jicho huona nusu tu ya lebo, sentimita 11, katika upana wa 7. Nusu hiyo ikigawanywa vipande 6 vilivyo sawa, kila kimoja hukaribia sentimita 1.83, lakini katika picha, kutoka katikati kwenda kila upande, vipande huwa na upana wa 1.75, 1.28 na 0.47. Asiye na kompyuta atavipata vipimo hivi kwa kuchora nusu duara, kuigawa kwa nyuzi 30 kwa kipimapembe, na kuteremsha mistari wima hadi kwenye kipenyo. Herufi zipangwe kwa vipimo hivyo, za pembeni zikiwa nyembamba.

Picha ichapwe kwa kipimo halisi, ibandikwe kando ya lebo iliyonyoshwa, na watoto wapewe rula. Watapata 7 kwenye picha na 22 kwenye karatasi. Waachwe waeleze wenyewe zile 15 zimekwenda wapi.