Ugonjwa Haufuti Viza

Ushauri wa kwanza anaopewa mlezi wa wazee aliyetoka Nakuru au Moshi, akiugua sana huko Uingereza, ni mfupi: nyamaza. Mwajiri akijua una saratani, wenzake wanamwambia, ataandikia serikali, na wewe utapandishwa ndege. Basi anameza vidonge vya maumivu na kuingia zamu ya usiku, anawageuza wazee kitandani ilhali yeye mwenyewe kuinama ni shida. Nguvu zikimwishia anaandika barua ya kuacha kazi, kwa heshima zote, akishukuru kwa kila alichotendewa. Barua hiyo ndiyo inayomponza.

Viza ya mfanyakazi aliyedhaminiwa imefungwa kwenye ajira, haikufungwa kwenye afya. Kabla ya safari, Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mkongo anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu, lakini viza haimdai cheti cha VVU wala cha figo. Akiugua akiwa kazini, kanuni zinamlinda kuliko wengi wanavyodhani. Mfanyakazi anayekaa zaidi ya wiki 4 kwa mwaka bila mshahara kwa kawaida hupoteza udhamini, ila likizo ya ugonjwa haimo katika hesabu hiyo. Posho ya ugonjwa ambayo mwajiri hulazimika kuilipa kisheria kwa hadi wiki 28 si msaada wa serikali, kwa hiyo kuipokea hakuvunji masharti ya viza. Ni pesa kidogo sana: mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na huko London hailipi hata kodi ya chumba. Hata hivyo inamweka mtu ndani ya ajira wakati matibabu yanaendelea.

Tena iko Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kwa sheria hiyo, mwenye saratani au VVU huhesabiwa kuwa na ulemavu tangu siku daktari anapomwambia, hata kama bado anatembea na kufanya kazi vizuri. Mwajiri anawajibika kumrekebishia kazi kadiri inavyowezekana: kumwondoa zamu za usiku, kumpunguzia kunyanyua wagonjwa, kumwachia nafasi ya kwenda kliniki. Anayerudi kazini kwa saa chache, kwa ushauri wa daktari wa kazini, anaweza kupungukiwa mshahara kwa muda bila kupoteza udhamini. Lakini haki hizi zote zinamhitaji mwajiri ajue. Aliyenyamaza hawezi kuzidai, na siku akianguka kazini kumbukumbu za ofisi zitaonyesha utoro tu.

Ajira ikikatika, mambo hugeuka haraka. Mwajiri huripoti, na Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kawaida hupunguza viza hadi siku 60. Ndani ya siku hizo mgonjwa atafute mdhamini mwingine, jambo gumu kwa mtu anayetapika kwa dawa za saratani. Kwa walezi ni gumu zaidi: tangu tarehe 22 Julai 2025 kuajiri walezi wapya kutoka nje kumefungwa, na waliokwisha kuwa ndani wameachiwa nafasi ya kuhama mwajiri kwa muda tu. Mwenye mume au mke muuguzi aliyedhaminiwa kivyake anaweza kuomba kuwa tegemezi wake. Mwenye mtoto raia wa Uingereza, au mtoto aliyeishi huko miaka 7, ana hoja ya haki ya maisha ya familia. Maombi ya namna hii yanafaa yapelekwe kabla siku 60 hazijaisha, maana viza ikishakwisha hospitali nazo hubadilika: matibabu mengi yasiyo ya dharura hutozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 lisilolipwa kwa miezi 2 linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza baadaye. Kifua kikuu na VVU hutibiwa bure kwa kila mtu, mwenye karatasi na asiye nazo. Nimelitaja hili kwa sababu kuna wanaoacha dawa za VVU kwa kuogopa bili ambayo haipo.

Njia ya mwisho ni haki za binadamu, na hapa ndipo sheria iliwahi kuwa katili kupita kiasi. Mwaka 1998 mwanamke wa Uganda aliingia Uingereza akiwa mahututi. Mahakama zilimtaja kwa herufi moja tu, N. Alikutwa na VVU, akatibiwa, akapata nafuu. Nafuu hiyo ikageuka hoja dhidi yake: hakuwa tena mtu wa kufa leo au kesho, kwa hiyo angeweza kurudishwa. Majaji wa Baraza la Mabwana (House of Lords), iliyokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, walimkatalia mwaka 2005, na tarehe 27 Mei 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa kura 14 dhidi ya 3, ikakubaliana nao. Kwa kipimo hicho ilimbidi mtu awe kitandani anakufa ndipo asikilizwe.

Kipimo kilibadilika tarehe 13 Desemba 2016, mahakama hiyohiyo ya Ulaya ilipoamua kesi ya Paposhvili, raia wa Georgia aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu Ubelgiji. Alifariki miezi 6 kabla ya hukumu. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikifuata kipimo kipya Aprili 2020, katika kesi ya Mzimbabwe aliyeitwa AM. Sasa inatosha kuonyesha kwamba kukosa matibabu kutaidhoofisha afya kwa kasi na bila kurekebishika, hadi mateso makali, au kutafupisha maisha kwa kiasi kikubwa.

Kuonyesha huko ni kazi ya mgonjwa kwanza. Hapa wengi hushindwa, kwa kuwa wanapeleka barua ya daktari wa Uingereza peke yake. Barua hiyo inaeleza ugonjwa, haielezi hali ya matibabu nyumbani, tuseme Kigoma. Swali la mahakama ni kama matibabu yanapatikana nyumbani na kama mtu huyu ataweza kuyafikia. Anayehitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki aeleze mashine iliyo karibu iko umbali gani, kila kikao ni shilingi ngapi, bima ipi inalipa vikao vingapi, na nani katika familia ana kipato cha kujazia. Majibu hayo yako kwa daktari wa hospitali ya mkoa na kwenye risiti za duka la dawa. Kaka au dada aliyeko nyumbani anaweza kuanza kuyakusanya wiki ileile ugonjwa unapojulikana, mgonjwa akiwa bado na kazi yake, na viza yake ikiwa hai.