Siku Moja Katika Milima Iliyozaliwa na Moto

Watu wengi wa Nyeri hukaa kati ya milima miwili mikubwa tangu kuzaliwa mpaka kuzeeka, wala hawajapata kuitembelea hata mmoja. Wageni hutoka Ulaya na Marekani, wakalipa fedha nyingi ili waonyeshwe misitu na maporomoko ya maji; lakini mkulima ambaye shamba lake liko chini ya milima hiyo huitazama kwa mbali tu, kama mtu atazamaye nyumba ya jirani asiyemjua. Jambo hili si jema, maana milima hiyo ndiyo iliyompa mkulima udongo anaoulima na maji anayokunywa. Makala haya yaeleza jinsi kikundi cha watu kiwezavyo kwenda safari ya siku moja pamoja na kiongozi, kikiondoka Ruring'u alfajiri na kurudi jioni, na mambo yafaayo kuangaliwa njiani.

MAHALI PA KUONDOKEA

Ruring'u, katika mji wa Nyeri, yajulikana kote Kenya kwa sababu ya kiwanja chake. Hapo ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipokusanyika Desemba 1963, mara baada ya Uhuru, wakitoka msituni kuweka silaha zao chini. Basi mtu aondokaye Ruring'u kwenda msituni huifuata kinyume njia waliyoijia wao.

Yafaa kuondoka mapema, kabla mawingu hayajatanda. Upande wa kaskazini-mashariki Mlima Kenya huonekana wazi, nao Wagikuyu huuita Kirinyaga. Upande wa magharibi ni safu ndefu ya Nyandarua. Wazungu waliiita Aberdare, jina alilolitoa msafiri Joseph Thomson mwaka 1884 kwa heshima ya Lord Aberdare. Lakini Nyandarua ni jina la kale zaidi, nalo lahusu ngozi iliyowambwa ikauke, kwa kuwa mgongo wa milima hiyo hufanana nayo.

Milima yote miwili ilizaliwa na moto. Nyandarua ni ya kale zaidi. Mlima Kenya ulikuwa volkeno hai kati ya miaka kama milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita, na wataalamu hudhani kwamba wakati huo ulifika urefu wa mita 6,500. Leo kilele chake cha juu, Batian, ni mita 5,199, na Nelion ni mita 5,188. Vilele hivi viwili si ukingo wa shimo la moto, kama wengi wanavyodhani. Ni mawe yaliyoganda ndani ya koo la volkeno. Kuta zilizolizunguka koo hilo zimekwisha kuliwa na mvua na barafu katika muda wa miaka mingi, ndipo kizibo kikabaki kimesimama peke yake.

KIONGOZI NA GHARAMA

Siku moja haitoshi kuitembelea milima yote miwili. Kwa mtu asiyezoea kupanda kwa miguu, Nyandarua ndiyo safari nyepesi zaidi, kwa kuwa motokaa yaweza kufika mpaka juu. Lakini lazima iwe motokaa yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Wakati wa mvua za masika, Machi mpaka Mei, na zile za vuli, Oktoba mpaka Desemba, matope huweza kuifunga njia kabisa. Januari na Februari ni miezi mizuri.

Kabla ya kuondoka, mpatane na kiongozi bei yote, mkiuliza kama ndani yake mna petroli, chakula na ada ya kuingia mbugani. Raia wa Kenya hulipa ada ndogo kuliko mgeni, lakini yampasa kuchukua kitambulisho chake. Watu sita wakishirikiana motokaa moja, gharama ya kila mmoja hupungua sana. Chukueni makoti ya mvua na nguo za sufu, kwa kuwa baridi ya huko juu si ya mchezo, hata kama jua lawaka Ruring'u.

Tena chagueni kiongozi ajuaye kueleza, wala si kuendesha gari tu. Kiongozi hodari atasimamisha motokaa mahali ambapo njia imekatwa katika kilima, awaonyeshe udongo ulivyojipanga: juu mweusi wenye mboji, chini yake mwekundu unaokwenda kina kirefu, na chini kabisa mawe yanayooza polepole. Mawe hayo ndiyo lava ya kale, yaani mawe yaliyomwagika yakiwa yameyeyuka kwa moto. Yalipooza yakachanganyika na majivu ya volkeno, yakawa udongo huu mwekundu upendwao na kahawa, na huko juu penye mvua nyingi, na chai. Udongo huu hushika maji vizuri, lakini katika miteremko mikali hukokotwa upesi na mvua. Wazee wakumbuka jinsi kazi ya kukata matuta ilivyochukiwa, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliifanya kwa nguvu. Lakini kosa lilikuwa katika kulazimisha, si katika matuta.

KUPITA TETU

Njia yapanda kupitia nchi ya Tetu, kwenye mashamba ya chai. Huku ndiko kiliko kijiji cha Ihithe, alikozaliwa Profesa Wangari Maathai mwaka 1940. Mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt kilichowafundisha wanawake kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuipata.

Mahali mashamba yanapokwisha, utaona ua wa nyaya za umeme. Ua huu wazunguka Nyandarua kwa urefu wa kilomita 400 hivi, na ulikamilika mwaka 2009. Shirika la Rhino Ark, lililoundwa mwaka 1988, ndilo lililochangisha fedha, kwanza kwa ajili ya kuwalinda vifaru. Lakini wakulima nao walinufaika, maana hapo zamani ndovu walishuka usiku na kumaliza mahindi ya mwaka mzima.

Ukipita lango la Kiandongoro umeingia Mbuga ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950. Kwanza ni msitu mkubwa, kisha mianzi iliyosongamana hata mtu haoni hatua kumi mbele. Hapo msomaji ataelewa kwa macho yake jinsi Dedan Kimathi na wenzake walivyoweza kukaa humo miaka kadhaa, ingawa ndege za Waingereza ziliangusha mabomu juu ya msitu. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957.

Juu ya mianzi nchi hufunguka. Hapo, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ni uwanda wa majani magumu yaotayo kwa mafungu, na mimea ya ajabu kama lobelia, mirefu kuliko mtu. Usiku sakitu hutanda. Ukikanyaga majani utasikia maji chini ya mguu, kana kwamba umekanyaga sifongo.

MAPOROMOKO YA KARURU

Mto Karuru hufika ukingo wa uwanda huu na kuanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 273. Upande wa pili wa bonde huonekana maporomoko ya Gura. Kiongozi awaonyeshe ukuta wenyewe wa mwamba: ni tabaka juu ya tabaka, kila moja ni lava iliyomwagika wakati wake. Tabaka gumu hukataa kuliwa na maji, na lile laini chini yake hulika. Ndipo mto hupata ngazi ya kuangukia.

Maji hayo huenda kuingia katika Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huko chini Tana huzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hupita nchi kavu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mji wa Nairobi nao hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayojazwa na mito ya Nyandarua.

BARAFU NA MSITU

Jambo moja lastahili kufikiriwa sana. Barafu ya Mlima Kenya inakwisha. Wataalamu waliopima barafu iitwayo Lewis, kubwa kuliko zote mlimani, waliona kwamba kati ya mwaka 1934 na 2010 ilikuwa imepoteza sehemu kama 90 katika kila 100 za ujazo wake. Watu wengi husikia habari hiyo wakasema, "Basi mito yetu itakauka." Huzuni yao ni ya haki, lakini sababu waliyoishika siyo. Barafu hiyo ni ndogo mno, na mchango wake katika mito ni haba. Maji yetu hutoka kwa mvua, ambayo msitu na ule uwanda wa juu huipokea, huiweka ardhini, na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mwenye kukata msitu huugusa mto kuliko jua linaloyeyusha barafu.

Hatari hiyo si ya kubuni. Ripoti iliyotolewa mwaka 2003, baada ya msitu wa Nyandarua kuchunguzwa kwa ndege, ilionyesha uharibifu mwingi wa wachoma makaa na wakata mbao. Tena kuna mabishano juu ya njia ya Ihithe mpaka Ndunyu Njeru, ambayo serikali ilitaka kuitia lami ikipita katikati ya msitu na mbuga. Wakulima wa upande wa Nyandarua wana haja ya kweli: viazi na kabichi zao huzunguka mbali kabla ya kufika sokoni Nyeri. Wanaopinga nao wana hoja ya kweli, kwamba njia kubwa hufungua mlango kwa wakataji na kuwakatia wanyama mapito yao. Mwaka 2024 jambo hilo lilifika mahakamani. Raia aliyekwisha kuona mahali penyewe ataweza kusema katika baraza kwa maarifa, kuliko yule aliyesikia tu.

Kwa sababu hiyo twavishauri vyama vya ushirika, shule na makanisa kupanga safari ya namna hii mara moja kwa mwaka. Na mkirudi nyumbani yako mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: kutolima mpaka ukingoni mwa kijito, kutopanda mikaratusi kando ya maji, kwa kuwa hunywa mengi, bali miti ya asili, na kutengeneza matuta kabla ya mvua za Machi. Mwenye shamba bondeni na mwenye bomba Nairobi wote hunywa kutoka mlima mmoja.