Kusubu, kufua, kukereza: Maneno yanayobeba gurudumu

Msomaji mmoja wa safu hii, fundi mwenye karakana upande wa Buxton, kisiwani Mombasa, aliniletea swali ambalo sisi wanaisimu hatulipati kila siku. Anafufua Datsun 240Z ya mteja wake, na habu za magurudumu ya mbele zimekwisha. Anataka kubuni nyingine za alumini, imara kuliko zile za kiwandani, na atakayezikata anadai maelekezo ya maandishi. “Mwalimu,” akaniuliza, “nikiandika kwa Kiswahili tutaelewana kweli? Maana hiki kitu kikivunjika, gurudumu linatoka na gari liko mbioni.”

Gari hilo si geni kwetu. Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Tangu 2003 kumekuwa na Safari ya magari ya kale, kwa hivyo wapo wanaozifufua si kwa maonyesho bali kwa kuzirudisha kwenye vumbi na mashimo.

Tuanze na jina. Wapo watakaosisitiza kwamba habu iitwe kitovu cha gurudumu. Sina ugomvi na kitovu. Ni neno letu na linaonyesha mahali kitu kilipo. Lakini kitovu cha mtu hakibebi chochote. Habu hubeba: ndani yake hukaa beringi, juu yake hufungwa diski ya breki na rimu yenye nati nne, na kila kishindo cha barabara hupitia hapo. Mafundi wote husema habu. Katika karatasi ya fundi niliiacha habu, wala sikuona haya.

Neno lililonitia wasiwasi ni alumini. Fundi alikuwa ameandika, “Habu iwe ya alumini imara.” Hapo hajasema kitu. Hebu fikiria sufuria. Jina hilo limetokana na sufuri, neno lenye asili ya Kiarabu lililotaja shaba. Leo sufuria zetu nyingi ni za alumini na jina limebaki pale pale. Jina la chombo halitwambii madini yake, na jina la madini nalo halitwambii yamepitia mikono gani. Kwa habu, hilo la pili ndilo linaloua au kuponya.

Kiswahili kina vitenzi vitatu hapa, na tunaviacha vipotee. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Ndivyo mafundi wa jua kali wanavyotengeneza baadhi ya sufuria kutokana na vyuma chakavu. Kitu kilichosubiwa ovyo huwa na vitundu vya hewa ndani visivyoonekana. Kwa sufuria ya pilau, hakuna neno. Kwa habu, kila kitundu ni mwanzo wa ufa. Kufua ni kupiga madini mpaka yashikamane na kufuata umbo. Vijana wakilisikia wanafikiria nguo tu, kumbe hata nguo zilifuliwa kwa kupigwa jiweni, na mfua chuma ndiye mhunzi. Kukereza ni kuzungusha kitu huku ukikichonga kwa patasi. Waliofanya kazi hiyo pwani walikuwa wakitoa matendegu ya vitanda, na mashine ya leo ya kukatia chuma inafuata mwendo ule ule.

Basi sentensi ikawa hivi: “Habu ikerezwe kutoka kwenye mche mzima wa alumini, isiwe ya kusubiwa.” Fundi aliisoma mara mbili. Habu ya kufuliwa ingekuwa bora zaidi, lakini huwezi kutengeneza kalibu ya kufulia kwa ajili ya habu mbili tu.

Kutoka hapo ilibidi mimi niwe mwanafunzi. Alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule, lakini pia hupinda karibu mara tatu zaidi ikibebeshwa mzigo ule ule. Ndiyo sababu hawezi kunakili habu ya chuma kwa vipimo vyake. Lazima aongeze unene. Pale ambapo sahani inayofungwa rimu inakutana na shingo ya habu, kona isiwe kali, iwe na mviringo mpana, kwa sababu nyufa hupenda kona. Tena kuna aina za alumini. Ile inayoitwa 7075, yenye zinki, nguvu zake hukaribia maradufu ya 6061, lakini hewa ya chumvi huishambulia zaidi. Gari litalala Mombasa, kwa hivyo alielekea kwenye 6061 yenye unene zaidi, na nilimwona ana hoja.

Mahali pamoja Kiswahili hakikutosha, na Kiingereza pia kisingetosha. Aliandika, “Beringi ibane sana.” Alumini ikipata moto wa breki hutanuka karibu mara mbili ya pete ya chuma ya beringi iliyo ndani yake, na pete ikilegea itazunguka na kuila habu. Lakini “sana” ni kiasi gani? Hapo panatakiwa tarakimu, katika sehemu za mia za milimita, na maelezo kwamba habu ipashwe moto kwanza ndipo pete ipachikwe.

Lilibaki neno moja, uchovu. Mafundi husema springi imechoka wakimaanisha imelegea. Wahandisi wanamaanisha jingine: madini yanayobebeshwa mzigo mdogo mara nyingi mno hatimaye hupasuka, ijapokuwa mzigo huo mara moja yangeuhimili. Chuma kikibebeshwa chini ya kiwango fulani kinaweza kudumu bila kufika huko. Alumini haina kiwango cha namna hiyo kilicho wazi. Kila shimo la barabara huhesabiwa. Kwa hivyo, chini ya karatasi tukaongeza agizo kwamba kila habu ichongwe tarehe ya kuundwa kwake, na baada ya kila mbio ifunguliwe, isafishwe na kukaguliwa nyufa shingoni.