Anayekuungisha kila siku, umemshukuruje?

Dar es Salaam. Siku ya mechi katika Uwanja wa Azam Complex, biashara za Chamazi huchangamka. Maji, karanga na mihogo ya kukaanga hutoka haraka. Lakini wanunuzi wengi ni wapita njia. Mpira ukiisha, wanapanda magari kurudi Mbagala na kwingineko.

Kesho yake anayebaki ni jirani. Ndiye anayetuma mtoto kufuata sukari ya robo na anayenunua vitumbua kila asubuhi. Huyu ndiye anayelipa ada ya watoto wa mwenye duka, ila kwa kuwa amezoeleka, huwa wa mwisho kuambiwa asante.

Kampuni kubwa huadhimisha Wiki ya Huduma kwa Wateja kila Oktoba, na mwaka ukiisha hugawa kalenda na fulana. Mama mwenye meza ya vitumbua hana fedha hizo, lakini anayo nyongeza.

Tuseme mteja ananunua vitumbua vya Sh1,000 kwa siku 26 za mwezi. Kwa mwaka ameacha mezani Sh312,000. Akiongezwa kitumbua kimoja cha Sh200 kila wiki, kwa mwaka zinatoka Sh10,400 tu. La muhimu, nyongeza itoke kwenye faida, isile mtaji, na isiwe kile kilicholala jana.

Shukrani nyingine hazina gharama. Msalimie mteja kabla ya kumuuliza anataka nini. Mrudishie chenji yake yote, usimpe pipi badala ya fedha. Mwambie ukweli kama unga wa leo si mzuri. Akiuguliwa, mjulie hali. Akifiwa, fika msibani hata kama mkono ni mtupu.

Hapa familia nzima inahusika, kwa kuwa maduka mengi yako mbele ya nyumba. Mama anaweza kumjenga mteja kwa miaka mitano, kijana aliyeachiwa duka akambomoa kwa kujibu “hamna” macho yakiwa kwenye simu. Wazazi wawafundishe watoto kuwa anayegonga dirisha kununua kiberiti ni mgeni wa nyumba.

Mtihani mkubwa ni daftari la madeni. Kumkopesha jirani ni kumwamini, lakini deni lisilo na kikomo huua duka na ujirani pamoja. Kiasi na siku ya kulipa vijulikane mapema. Anayelipa kwa wakati ashukuriwe waziwazi. Anayechelewa aitwe pembeni, si kudaiwa mbele za watu wala jina lake kubandikwa mlangoni. Mteja akishaaibishwa, hata akilipa, siku hiyo huwa ya mwisho. Kuanzia hapo yeye na wanawe watakuwa wanavuka barabara.

Na ng’ambo ya barabara duka lipo. Chamazi inazidi kujengwa, na kila mtaa unapata fremu mpya. Sukari ni ileile na bei zinakaribiana. Kinachomfanya mtu apite duka la kwanza na kwenda la pili ni namna anavyopokewa.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Aliyekuungisha tangu siku ya kwanza, ulipokuwa na meza moja na ndoo, hastahili mateke hayo.