Maganda ya Baba Mkwe

Mdogo wangu wa kiume alikuja kututembelea Pennsylvania, akaingia kwenye banda la baba mkwe kutafuta bisibisi, akatoka uso umemsawijika. Akanivuta pembeni. "Dada, huyu mzee ana ndoo nzima ya maganda ya risasi mle ndani. Anajiandaa kupigana na nani?"

Swali hilo limenichosha. Wifi zangu walioko mjini huuliza, shangazi wa Tanga huuliza kwenye simu, na mtumishi wa kanisa mmoja aliwahi kuniuliza kwa kunong'ona. Wote wametazama filamu zilezile. Mimi si wakili wa kila mwenye bunduki katika nchi hii. Wapo nikiwaona navuka barabara. Lakini wazee wa ndoo za maganda ni kabila jingine kabisa, na kabila hilo linakwisha kabla halijaeleweka.

Niwaeleze. Ukifyatua risasi, kichwa kinakwenda zake, ganda linabaki. Wengi huliacha porini. Wajazaji huliokota, wakalitia fataki mpya, baruti na kichwa, likatumika tena. Ndani ya hao wajazaji wamo wachache, baba mkwe akiwa mmoja wao, ambao hawaridhiki kulijaza ganda: wanaligeuza. Linaingia la bunduki hii, linatoka la bunduki nyingine.

Kisa chake ni umaskini, si uchu wa vita. Bunduki ya baba mkwe ni Mauser ambayo baba yake alirudi nayo kutoka Ujerumani mwaka 1945. Askari wengi wa Marekani walirudi na ngawira za namna hiyo, wa Ulaya na Mauser, wa Pasifiki na Arisaka za Wajapani. Bunduki walikuja nazo, risasi hazikuja. Dukani kulikuwa na .30-06, risasi ya jeshi lao tangu mwaka 1906. Ya Mauser ilikuwa adimu, ya Arisaka ndiyo usiseme.

Hapo ndipo udugu ulipofanya kazi. Pima kitako cha ganda la .30-06, utapata milimita 12. Pima cha Mauser, 12. Cha Arisaka ya milimita 7.7, vilevile. Na kati ya Mauser na Mmarekani, udugu huo haukuja kwa bahati: Wamarekani walipounda bunduki yao ya mwaka 1903 walimwiga Mauser kiasi cha kulazimika kumlipa kwa uvumbuzi wake. Kwa wazee hawa kitako ndicho ukoo. Mwili utaufupisha, bega utalisogeza, shingo utaipanua, lakini kitako hakiguswi.

Kazi yenyewe inaanza Oktoba, majani yakianza kuwa mekundu. Ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63, la Mauser 57. Mzee analikata kwa msumeno mdogo, akiacha ziada kidogo. Analipaka nta kwa vidole viwili, kwa mkono mwepesi kama anayempaka mtoto mafuta, kwa sababu nta ikizidi bega linabonyea, ikipungua ganda linakwama ndani ya kalibu na jioni imeharibika. Kisha analisukuma juu kwa mashine yake ya kijani yenye mkono mrefu kama wa pampu. Mashine hiyo ni ya RCBS, kampuni iliyoanzishwa na Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943, wakati vichwa vya risasi vilipoadimika kwa sababu ya vita. Alitengeneza kalibu za kuyageuza maganda matupu ya .22 kuwa magamba ya vichwa vipya. Kutumia mabaki ndiko kulikowazaa watu hawa.

Ganda likitoka kwenye kalibu, sehemu kubwa ya shingo yake mpya ni ile iliyokuwa bega na kiwiliwili. Kwa hiyo ni nene. Asiyejua hutia kichwa na kufurahi. Ajuaye huichonga kwa ndani, akapima, akachonga tena, kwa maana shingo nene hukikaba kichwa ndani ya bunduki, na presha inayopanda hapo iko shubiri moja tu kutoka kwenye jicho la mwindaji.

Kisha taa zinazimwa. Hapa ndipo ninapopapenda.

Shaba nyeupe ya maganda, sehemu 70 shaba nyekundu na 30 zinki, ina tabia ya kushupaa kila inapokunjwa. Ukiiacha hivyo shingo itapasuka. Lazima ilainishwe kwa moto, lakini shingo peke yake. Kitako kikilainika, ganda hilo halifai hata kwa mchezo. Basi mzee huyasimamisha maganda ndani ya sinia la maji, maji yakifika nusu, akafunga mlango, akawasha moto wa gesi. Gizani unaitazama shingo inavyobadilika, mpaka ule wekundu hafifu wa kaa linalotaka kufa. Hapohapo analiangusha majini: chwaa! Wahunzi wa kwetu hudhani maji yanaishupaza shaba kama yanavyoshupaza chuma. Hapana. Maji yapo kuulinda ukoo.

Vijana wana mashine za umeme za kazi hii. Sawa. Wapo pia wanaokata maganda ya .223 kwa mamia wapate .300 Blackout; siwatukani, ila hao ni kiwanda. Na wapo wafuasi wa P. O. Ackley, fundi wa Trinidad, Colorado, wanaotanua ganda kwa kulifyatua, wengine wakilijaza uji mkavu wa ngano badala ya kichwa. Uji nimezoea kuunywa.

Mdogo wangu nilimkumbusha ya kwetu. Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mwenyewe ameandika kwamba askari, wapagazi na wanawake walikusanywa Moshi, wakakaa miezi wakizifungua, wakiisafisha baruti na kubadilisha fataki. Kwa hiyo bibi zetu waliijua kazi hii kabla ya baba mkwe kuzaliwa, na wao walishurutishwa, kwa vita visivyowahusu. Mzee huyu anafanya ili apate kulungu mmoja kwa mwaka.

Hata kulungu huyo sherehe yake imepwaya. Zamani msimu ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, shule nyingi zikafungwa, wajukuu wakalala sakafuni kwa babu. Tangu 2019 unafunguliwa Jumamosi, na kila mmoja anakuja kwa wakati wake na kuondoka kwa wakati wake. Maganda mapya ya Mauser siku hizi yanatoka Serbia, unaagiza kwa simu yanaletwa mlangoni. Mume wangu huagiza. Nimemwambia anamvunjia baba yake heshima. Ameniambia ana kazi.

Mzee sasa ana mtoto wa jicho. Wekundu ule hauoni. Kwa hiyo mimi hukaa karibu na sinia, yeye akishika moto, nami humwambia "Sasa!" Neno hilo la Kiswahili ameshalizoea. Oktoba iliyopita tulifanya maganda 40. Mawili nilichelewa kusema. Aliyatupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, bila kunilaumu, akasimamisha mengine.